Milioni Mbili za Kusaini

Bi Zuleikha, shikamoo. Nakuandikia kwenye ukurasa wako wa gazeti kutoka Ndagoni nikiwa nimechanganyikiwa, naomba unisaidie mawazo, na ukinisema sitachukia kwa sababu kosa lilianza na mimi. Mume wangu Mudrik alikuwa mvuvi, tukasikia kuna kampuni ya ulinzi inatafuta mlinzi wa hoteli iliyofungwa upande wa Kanga, na kwamba ukisaini tu unapewa milioni mbili mkononi kabla hujafanya kazi hata siku moja, mshahara mbali. Yeye akasita, akauliza hoteli tupu ina nini hata walipe hivyo, mimi nikamwambia asijifanye mjuaji, basi akasaini miaka miwili na sisi tukaezeka nyumba bati. Akapewa koti lililovaliwa na mtu mwingine, jina SUDI limeshonwa kifuani, akaambiwa asilifumue. Mwezi wa kwanza alipiga simu kila siku, wa pili nikimwita Mudrik anachelewa kuitika, wa tatu nikapanda bodaboda nikamfuata. Nilifika saa sita mchana, jua kali, kimya, nikamkuta ukumbini anakula, ameandaa sahani mbili. Nikavuta kiti nikae, akanizuia, akasema kwa upole kabisa, "Hapo pana mtu." Nikamwita kwa jina lake mara tatu, hakugeuka. Mungu anisamehe, nikajaribu kusema, "Sudi."

"Naam," akaitika.

Nilirudi, nikawatafuta ndugu wa huyo Sudi pale Kilindoni, wakaniambia yu hai ila hatoki chumbani, na ukimwita haitiki mpaka umwite Abeid, na Abeid ndiye mlinzi aliyekuwapo kabla yake. Sasa juzi mtu wa kampuni amekuja kwetu, mstaarabu, amekaa barazani, anasema wanataka mpishi pale pale ili mume wangu asiwe mpweke, nami nikisaini nitapewa milioni tatu. Nikamuuliza nitampikia nani zaidi ya mume wangu. Akatabasamu, akasema, "Wapo." Bi Zuleikha, fomu iko chini ya godoro na aibu yangu ni kwamba sijaikataa, kwa sababu tukivunja mkataba turudishe zile milioni mbili zote, na pia nawaza labda nikiwa naye atanikumbuka. Nifanye nini?

Mwanaharusi, Ndagoni

Marahaba, mwanangu. Umeomba nikuseme, basi nakusema: mumeo aliuliza swali la maana, ukamnyamazisha.

Pesa ya kusaini si haramu, wala si kila anayeitoa ni mwovu. Yako majeshi ya nchi za nje yanayowapa wanaojiandikisha, na ziko hospitali zinazowapa madaktari ili wakubali kwenda mbali. Hutolewa pale watu wanapokosekana, kwa sababu mwajiri anaona nafuu kulipa mara moja kuliko kupandisha mshahara wa kila mwezi. Tena ukishaitumia, kuondoka kunakuwa kugumu, na hilo nalo amelipigia hesabu. Kwa hiyo anayeonyeshwa pesa hiyo aulize kwanza: waliotangulia waliondoka kwa nini? Wewe jibu umelisikia Kilindoni kwa masikio yako, halafu fomu unailalia!

Kilichomo katika hoteli ile sikijui, na sitajifanya nakijua. Ninalojua ni kwamba kwenda kukaa naye si kumtoa. Mtakuwa wawili mle ndani.

Fomu irudishe bila kusaini, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kesho asubuhi nenda na mama mzazi wa Mudrik, mvueni koti lile, liacheni hapo hapo, mje naye. Mpelekeni hospitali, na kisomo msomeeni pia. Mkataba upelekeni kwa afisa kazi ausome, na kama kuna cha kurudisha, mtarudisha kidogo kidogo. Ikibidi bati lishuke, lishuke. Makuti mmeyazoea.

Nyongeza: jibu hili nilimsomea Mwanaharusi kwa simu kwanza, na kabla ukurasa huu haujaenda kuchapwa, amenipigia. Wamemtoa. Siku ya nne mama yake alimwita Mudrik, akageuka, akaomba maji. Bati wameanza kuliuza. Anasema yule mtu wa kampuni hakugombana nao hata kidogo. Alipokea fomu yake, akaikunja vizuri, akauliza nyumba ya jirani inaingiliwa wapi.