Goti la Nasra

Jumatatu, 4 Agosti
Mazoezi ya baleti jioni, ghorofani juu ya duka la vitenge, Kariakoo. Joto. Spika ya muuza viatu ilitushinda sauti. Nasra alisimama mbele yangu, kashika bomba la ukutani. Akinyoosha miguu, magoti yanarudi nyuma kama upinde. Wote tunaitamani ile miguu. Mimi zaidi. Jumamosi ya wiki ijayo tuna onyesho Posta. Nasra ndiye wa mbele.

Jumatano, 6 Agosti
Nasra karuka, katua, kachechemea. Maumivu nyuma ya goti. Mwalimu Hansa alimgusa paja.

"Unalisukuma goti nyuma, mwanangu. Acha. Kaza hapa, pia ya goti ipande juu. Nyama za nyuma nazo zishike. Uzito usilale kisiginoni."

Akanyoosha upya. Upinde haupo. Mguu wa kawaida, kama wangu. Alijitazama kwenye kioo. Roho iliniuma.

Ijumaa, 8 Agosti
Nasra anaanza upya kabisa. Anakunja kidogo, ananyoosha polepole, anakaza bila kulifunga goti. Mapaja yanatetemeka. Mama yake alifunga duka la madira akapanda kumchukua.

"Mbona miguu haipendezi kama zamani?"

"Mama, ile ilikuwa inaniumiza."

Namvulia kofia.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimejaribu nyumbani, Magomeni, nimeshika dirisha. Kazi! Kumbe miaka yote nilikuwa nakakamaa tu. Nasra anafanya huku anatabasamu.

Alhamisi, 14 Agosti
Siku mbaya. Mwandaaji wa onyesho alikuja kupiga picha za tangazo. Akataka ile miguu ya zamani.

"Mara moja tu, dada. Kwa picha."

"Hapana, kaka. Piga hivi hivi."

Akakasirika. Akaninyooshea kidole: basi huyu akae mbele. Nilitaka. Sikutaka. Mwalimu Hansa hakupandisha sauti: "Mbele ni Nasra."

Jamaa akapiga picha. Magoti ya Nasra hayakurudi nyuma.

Jumamosi, 16 Agosti
Ukumbi ulijaa. Nasra alisimama kwa mguu mmoja, umenyooka, umetulia, mpaka watu wakanyamaza. Akaruka. Akatua laini. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, na nilikuwa nyuma yake jukwaani. Mama yake alipiga vigelegele kabla hatujamaliza.

Jumapili, 17 Agosti
Nimefua. Nimelala mchana. Nasra katuma ujumbe: goti haliumi. Anauliza kama kesho nitawahi mazoezi. Nimemjibu nitawahi.