Ubeti wa Pili Ulionitoka

Jumamosi

Bado nacheka peke yangu. Nilisahau maneno ya wimbo nikiwa hewani redioni, mkoa mzima unasikiliza!

Kipindi ni cha kuimba nyimbo za wasanii wengine, moja kwa moja kutoka studio. Mimi na Deo, mpiga gitaa wetu, tulichagua wimbo wa zamani wa dansi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukanitoka wote. Deo akaendelea kupiga huku amenikodolea macho, nami nikaimba kilichonijia: wimbo wa Kifipa ambao Mama huimba akipura ulezi kule kijijini Mollo. Ukakubaliana na gitaa!

Mwenye wimbo wa dansi akisikia, sijui atasemaje...

Tulipomaliza, mtangazaji akaruhusu simu. Wa kwanza kupiga alikuwa Mama. Tangu niache kwaya ya kanisani nijiunge na bendi, hataki kusikia habari za muziki wangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wimbo wa bibi yako umeuharibu. Mwisho wake sio huo."

"Unakwendaje, Mama?" mtangazaji akauliza.

Akaimba. Palepale kwenye simu, kwa sauti yake ya shambani. Deo akamfuata kwa gitaa, mimi nikaitikia, mtangazaji akapiga makofi.

"Kesho mnapiga wapi?" Mama akauliza.

"Majengo, Mama."

"Nitakuja. Ila niwekeni mbali na hayo maspika yenu."