Rovu la Mama Limetoka

Kadutu, Bukavu
14 Juni 2023

Mpendwa Tonton Isidore,

Pokea salamu zetu sote. Je, ile homa ilikuacha? Mvua ya Shabunda haijajaza mashimo yenu ya dhahabu? Huku tuko wazima, na dada yako, mama yangu, ni mzima pia. Nimetanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Unalijua rovu lake la miaka kumi na minane. Tangu Pasaka alikuwa analala ameketi, maana akijinyoosha tu, pumzi inakatika. Picha za skana zilionyesha kwamba tuliloliona shingoni lilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilishuka kifuani, nyuma ya mfupa, ikabana njia ya hewa. Dawa haingeliondoa tena.

Nilikupigia simu siku nne, haishiki, réseau hakuna. Nilijua ungekataa, kwa sababu ya marehemu Maman Bijou aliyefariki akipasuliwa. Hata hivyo nilitia saini karatasi ya kukubali apasuliwe, Tonton. Nisamehe kwa kutokungoja, lakini sijuti.

Daktari Akonkwa hakutuficha kitu. Angepitia shingoni, na rovu likigoma kupanda, angepasua mfupa wa kifua. Tena neva ya sauti iko karibu sana, inaweza kuumia. Mama alimjibu, “Docteur, sauti naipenda, lakini pumzi njo ya kwanza. Muniondolee hii kitu.”

Jumanne ya juma lililopita walimpasua kwa saa tatu na nusu. Mimi na mdogo wangu Joviale tuliketi mlangoni. Rovu lilitoka lote kupitia shingoni, kubwa kama ngumi mbili. Alipozinduka, daktari alimwomba aseme jina lake. Alisema lake, na la babu, kisha akauliza nani amelisha kuku.

Sauti ina mikwaruzo kidogo, itanyooka baada ya majuma machache. Maabara imesema si kansa. Atameza kidonge kimoja kila asubuhi maisha yake yote, basi. Jana mchana nilimkuta amelala chali, anakoroma.

Barua hii anakuletea Elysée, jirani yetu, anayepanda ndege kesho. Wasalimie Maman Monique na Guylain. Mungu awafunike kwa mkono wake huko machimboni.

Mama yuko hapa kando yangu, anataka niandike maneno yake kama yalivyo: “Isidore, usimukasirikie mutoto. Mimi njo nilimupatia kalamu.”

Mpwa wako akupendaye,
Euphrasie