Mkanda Uliolegezwa

Alhamisi, usiku

Nimeoga, lakini harufu ya mpira ulioungua bado iko kwenye nywele zangu.

Mota mpya ina kasi mno kwa mashine yetu ya kukerezea miguu ya vitanda. Fundi umeme alishasema dawa yake ni kufunga puli kubwa zaidi, lile gurudumu la kupitishia mkanda, upande wa mashine. Puli haijaletwa, na Masalu, mdogo wa mume wangu, hana subira. Leo kaulegeza mkanda ili uwe unateleza, kasi ipungue.

“Shemeji, si unaona imetulia?”

Ilitulia, kweli. Halafu mkanda ukashika ghafla, mguu wa kitanda ukachomoka na kutoboa bati la ukuta nyuma yake. Yeye alikuwa ameinama kuokota patasi. Akacheka!

Alipotoka nikaenda kusimama pale anaposimamaga. Tundu liko usawa wa uso wangu, na kimo chetu ni kimoja.

Nimempigia nimwambie kesho asiwashe. Simu imezimwa. Mimi mpaka nitoke hapa nyumbani Mkolani nifike karakana kule Mabatini, yeye atakuwa ameshaanza kazi.

Ufunguo wa karakana anao yeye.