Jiko la Cucu Ruguru

Mama yangu,

Kwanza ujue mwanao amekuwa mtu mkubwa. Kiritiri nzima hakuna mwanamke anayewasha moto kabla sijampa ruhusa. Moshi wenyewe ukiniona nakuja unatafuta mlango.

Kifua chako kimetulia? Na goti la Baba, bado linatabiri mvua? Tuleteeni hilo goti, maana huku mawingu hupita kama wageni wasiokula kwa watu. Mimi ni mzima, ila jua limenichoma mpaka dada yangu Kendi akiniona atanisalimia kwa Kimbeere cha huku. Naandika kwa sababu kwa simu unanikatiza, "Mwenda, kredo inaisha," kabla sijajisifu vizuri. Karatasi haina kredo.

Mama, natamani baridi ya Nkubu. Cheka tu. Natamani ukungu, na wewe ukinivuta blanketi nikachume majani chai, na mukimo wako wa moto wa kuunguza ulimi. Huku miti imeisha kwa makaa. Akina mama wanatafuta kuni mpaka mbali, halafu wanalaumiwa eti ndio wanaoharibu hali ya hewa. Ndiyo maana serikali ikatuleta sisi mafundi wa majiko ya kuokoa kuni. Chungu cha jiko na fundi vinalipiwa. Mwenye nyumba analeta udongo, mawe na maji.

Nimepanga kwa mjane mmoja, nyanya wa kijiji kizima, Cucu Ruguru. Ananiita Mumeru, kwa kabila langu, na kuniongezea ndengu nikisema nimeshiba, kama wewe tu. Lakini moshi umemla macho. Ndengu anazichagua kwa vidole, hazioni. Nilimwapia kwamba jiko lake litakuwa la kwanza.

Kumbe fomu inataka hati ya shamba! Shamba lake bado liko kwa jina la baba mkwe wake aliyekufa zamani. Majiko yakaenda kwa wenye hati. Muuza mbuzi mmoja mwenye gesi alipewa. Kuku wake wanataga mle ndani.

Basi kwenye baraza ya chifu nikasimama, mwanao, kifua mbele.

"Wewe fundi uliishia kidato gani?" karani akaniuliza.

"Cha pili, bwana karani. Lakini moshi hausomi hati!"

Watu wakacheka. Cucu akanivuta shati. "Kaa chini, Mumeru, utaninyima hata hilo ambalo sijapewa." Halafu akasimama yeye mwenyewe. "Chifu, kuni nabeba mimi. Hati ingekuwa inabeba kuni, ningeitafuta."

Chifu akakuna kidevu, akasema kuanzia siku hiyo mtu yeyote anayejulikana na majirani kwamba anapikia kuni aandikwe, na wasio na gesi watangulie. Hiyo ni kazi yangu, Mama. Sawa, na ya Cucu kidogo.

Msalimie Baba na goti lake. Mwambie Kendi asivae koti langu. Mjomba Mutuma, aliyenifundisha kushika mwiko, mwambie sasa namzidi.

Hapa nilitaka kukunja barua, lakini mkono umekataa.

Jumapili Cucu alienda kanisani. Nikasema nimjengee jiko kabla hajarudi, aingie akute ajabu. Msimamizi wetu alituonya siku ya kwanza: mafiga hung'olewa na mwenye nyumba, kwa mkono wake. Nami nilijua, hata kwetu ni hivyo. Lakini mawe mageni hupasuka motoni, na yale matatu yake yalikuwa yameshazoea moto. Nikayang'oa. Nikayavunja kwa nyundo, nikayazika chini ya jiko. Lilitoka zuri, Mama, zuri kuliko yote niliyojenga.

Cucu akarudi, akasimama mlangoni. Akapapasa sakafu kwa mguu, pale mafiga yalipokuwa. Akaniuliza polepole, "Mwenda, nani amekufa?"

Hakuniita Mumeru.

Nikasema hakuna. Akasema, "Mafiga ya mwanamke hung'olewa akifa. Haya nilipewa na mama yangu nilipoolewa." Akachukua sufuria, akaenda kupika kwa jirani. Mpaka leo hajaliwasha. Anabeba kuni zilezile, anakaa kwenye moshi uleule, sasa katika jiko la watu. Chakula ananiletea bado, kimefunikwa, lakini haniongezei.

Ungekuwa karibu ningekaa jikoni kwako nikuulize mawe yaliyovunjika huombewaje msamaha. Wewe unajua. Niandikie upesi, hata maneno mawili.

Ni mimi mwanao Mwenda, niliyemzika mama wa watu akiwa hai.