Nani Anageuza Moto Yangu

Siku ya kwanza ya juma, 6/5
Nilitengeneza moto saa kumi na mbili ya asubui, kama kila siku. Midomo ine ya gaz, yote bulu. Mu Kamina muzima hakuna mupishi mwengine anaweza kufanya hivi. Lubumbashi sijui, pengine moja. Minyi nilipikaka mu treni mpaka Ilebo, nilipikia Bagreki, Baportuge, na musenyeri moja, askofu, mwenye kulia juu ya supu yangu. Natambua moto.

Hii jiko ya gaz ya inje, mafundi bazungu ya ndeke njo baliiacha hapa ku mess ya ba-officier, nyumba ya kulia ya bakubwa ya jeshi. Chini ya kila mudomo kuko pete ya chuma yenye katundu, inazunguka bomba yenye kulala, upande moja muzito. Ukigeuza pete, katundu kanafunguka, hewa inaingia: moto bulu. Ukifungua kupita, moto inaruka na kulia kama nyoka. Ukifunga: moto njano, moshi, nyama nyeusi. Bazungu balikuwa banakaza pete na visi, misumari ya kuzungusha. Minyi nilitoa visi zote, nikapaka pete mafuta ya ngazi, ya mawese. Sasa nageuza na vidole mbili, kama muntu anatafuta radio ya mbali. Turnevisi ya kukaza visi ni ya bantu ya garage.

Saa sita nilirudia na nyama. Moto njano. Midomo yote ine.

Nani alishika?

Siku ya tatu, 8/5
Bulu tangu asubui mpaka mangaribi. Hakuna muntu alikuya huku. Naandika kusudi nikumbuke.

Siku ya ine, 9/5
Njano tena. Niliacha bulu, nilienda kukata vitunguu, nilirudi: njano. Brosheti za kapiteni, nyama ya kijiti, zilitoka nyeusi kama viatu yake. Alikula zote, akafuta kinywa, akaenda. Muntu wa hivyo ni mubaya kupita mwenye kutukana.

Niliwaza. Siku ya kwanza, na leo. Siku zote mbili ndeke kubwa ilishuka. Na siku ya ndeke, nani anapita nyuma ya jikoni? Mama Feza, na saki ya makala ku kichwa, anaenda kuuzia bantu ya ndeke. Mbele gaz haiyafika, mess ilikuwa inapikia makala yake yeye. Sasa hatununue hata kipande. Voilà.

Bwana yake ni kaporali, balimutuma ku camp ya Kitona, hajarudi. Batoto ine. Namuhurumia. Lakini huruma haizime moshi.

Siku ya posho, ya sita, 11/5
Adjudant mwenye kuongoza mess aliniita. Posho ijayo koloneli anakaribisha bageni. Nyama ikitoka nyeusi, kazi imekwisha, na nyumba ya camp nitaiacha. Nilimuambia asiogope, minyi nilipikia musenyeri. Alisema hiyo ya musenyeri amesikia.

Bibi yangu aliuliza juu ya nini sikule. Nilimuambia ya Mama Feza. Alikataa. Anasema ni Mama Feza njo alikaa na mutoto wetu siku ya surua. Nilijibu: hata mwizi anajua kusalimia.

Siku ya kwanza, 13/5
Mutego. Asubui nilimwanga unga ya mahindi kuzunguka jiko yote. Kuku ya adjudant zilikula nusu. Nilikuwa na samaki ya kupaa, sikuweza kulinda. Ndeke ilishuka, nikatoka: njano. Na mu unga, miguu ya mwanamuke, bila viatu. Ilipita karibu na jiko, ikaenda ku robine ya maji.

Nilikimbia kwa adjudant. Aliuliza: "Chef, uko na hakika?"

"Sawa vile niko na meno."

Alimuita Mama Feza mbele yangu. Alikana. Alisema ile ni njia ya robine, bamama bote banapita pale. Adjudant alimunyanganya karatasi ya kupita ku bariera ya camp. Bila karatasi hawezi kutoka kufata makala mu bijiji. Bila makala, batoto hawakuli.

Nilifurahi. Kidogo.

Siku ya ine, 16/5
Ndeke ilikuya. Nilienda kuangalia: Mama Feza anakaa pa mulango yake, mikono mitupu. Nilirudi ku jiko. Njano.

Sasa nani? Planton mwenye kupeleka barua? Mwenye kufua? Mangaribi niliangalia vidole ya bibi yangu kama iko na mafuta ya ngazi. Bibi yangu. Niko na haya kuandika hii.

Siku ya tano, 17/5
Kesho bageni. Nilikaa karibu na jiko tangu asubui, macho ku pete, hata kukojoa sikuenda. Saa ine ndeke ya jana, yenye kulala huku, ikaanza kuruka. Moteri zililia, simenti ikatetemeka, masahani zikacheza. Na nikaona. Pete ya kwanza iligeuka yenyewe, polepole, kama muntu anafunga jicho. Ya pili. Ya tatu. Upande muzito unashuka chini, katundu kanafungwa. Hakuna visi ya kuishika. Na mafuta yangu inaisaidia kuteleza.

Hakuna adui. Muntu ni minyi.

Nilienda kuomba turnevisi ku garage. Balicheka. Nilirudisha visi zote, nikakaza.

Naweza kunyamaza. Kesho nyama itatoka muzuri, bote batasema: unaona, Mama Feza njo alikuwa anaharibu. Jina yangu itakuwa kubwa. Niliwaza hii mara mbili, na mara ya pili ilikuwa tamu kupita ya kwanza.

Siku ya posho, 18/5
Nyama ya ajabu. Koloneli aliniita, bageni balipiga makofi. Adjudant alininongoneza: "Tulifukuza adui, moto ikarudi."

Mbele ya bageni sikuweza. Nilimungojea mu depo, nikamuambia yote: visi, mafuta, ndeke. Alicheka mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka. Karatasi atairudisha. Juu ya nyumba yangu, atafikiri.

Siku ya Mungu, 19/5
Kisha kutoka kanisa nilienda ku robine. Bamama bote balikuwa pale, hata Mama Feza. Nilisema kwa sauti kubwa, ile yangu ya kujisifu, sina ingine. Nilisema nilimusingizia. Bamoja balicheka. Mama Feza alijaza ndoo yake mpaka juu, akaiweka ku kichwa.

"Baba Ngoy, ungeniuliza."

Hivyo tu. Akaenda. 

Siku ya ine, 23/5
Ndeke ilikuya. Pete hazikusogea. Bulu.

Adjudant hajasema kitu juu ya nyumba. Mama Feza iko na karatasi yake. Nyuma ya jikoni hapiti tena. Anazunguka na barabara ya hangar ya ndeke, mbali, mu jua, na saki ku kichwa. Nilimuona anasimama mara mbili kupumuzika.

Nilichoma samaki ya kapiteni. Alisema iko muzuri. Nilisema merci.