Sumaku ya Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Likizo ya baridi imekwisha, mtambo wetu wa kukimbiza chembe bado umelala handakini. Sumaku ya kumi na saba iliungua, mpya kaifunga Aymon. Aymon! Injinia wa kuteleza kwenye theluji. Huku handakini anakuja kupumzika. Na mkurugenzi leo katugawia beji mpya. Hazina pini, zinajibana kwenye koti, kifuani, kwa kisumaku. Mwale wa chembe hatuna, beji tunazo. Hongera zetu!

Jumanne, 5 Machi
Nimeshuka handakini kukagua kazi ya bwana mkubwa Aymon. Dira nilishika mwenyewe, karibu kabisa na kifua — taa za kule ni aibu. Tukapitisha umeme kidogo tu kwenye sumaku. Sindano ikaelekea upande usio wake! Nikamwambia kafunga nyaya kinyume.
"Solange, dada yangu, nimefuata mchoro. Hebu njoo uutazame."
Nikamjibu dira haisomi michoro, wala haidanganyi. Akazigeuza nyaya, ananung'unika, ananuka jibini la mchana. Sikio la kufa!

Alhamisi, 7 Machi
Mwale umeingia. Ukafika sumaku ya kumi na saba — ukajibamiza ukutani. Mara tatu! Hata kusahihishwa hajui mtu huyu. Mkurugenzi kasema mkataba wa Aymon unaisha mwezi huu na hauongezwi. Kesho kikao, mimi nieleze kosa. Nitaeleza kwa raha zangu. Mkewe mjamzito, wananiambia. Sasa mimi nifanyeje? Mwale haulei watoto.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeijaribu dira ofisini, nikaionyeshe kikaoni. Sindano kaskazini, sawa. Nikavaa koti, nikaisogeza kifuani — ikanigeukia mimi. Nikavua koti. Ikarudi. Nikavaa.
Beji.
Aymon alifunga sawasawa. Aliyeziharibu nyaya ni mimi. Mjinga gani anapima sumaku huku amevaa sumaku? Naona haya hadi masikio yanawaka.

Baadaye. Nimekaa nje ya mlango wa kikao. Beji nimeificha mfukoni. Aymon yumo ndani, namsikia: anasema nilimwamuru mimi. Mtu kacheka. Mkurugenzi kamkata kauli: "Solange hakosei, bwana. Usimsingizie."
Ningeweza kunyamaza tu. Wote wangeniamini, hilo ndilo baya.
Katibu kafungua mlango. "Karibu, mama, tunakusubiri." Ananitazama kifuani. "Mbona huna beji?"